Sayansi ya siasa na saikolojia chuo kikuu: maswali ninayoulizwa kila msimu wa udahili

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka tu, simu yangu haitulii. Mmoja katumwa na mjomba wake, mwingine kapewa namba na mwalimu wa taaluma, na wazazi ndio usiseme. Wote wamesikia kwamba nilisoma sayansi ya siasa Dar es Salaam huku nikiiba muda wa kuhudhuria vipindi vya saikolojia, na wote wana maswali yale yale. Nimechoka kuandika jibu moja mara arobaini, kwa hiyo nimeyakusanya hapa. Mengi yanahusu Tanzania kwa sababu ndiko nilikosomea. Kenya nimeigusa pale ambapo mambo ni tofauti.

Naweza kusoma yote mawili katika shahada moja?

Kwa jina la cheti, hapa kwetu ni nadra. Unadahiliwa ama kwenye sayansi ya siasa na utawala wa umma, ama kwenye saikolojia, na kuanzia hapo ratiba yako ina wenyewe. Pale Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, masomo haya hayakai hata nyumba moja: siasa iko Ndaki ya Sayansi za Jamii, saikolojia imekulia Shule Kuu ya Elimu, pamoja na mitaala na ualimu. Ukitaka yote mawili utatembea, na jua la saa saba pale kilimani unalijua au utalijua.

Mlango ulio wazi ni kozi za hiari. Nenda ukaonane na mratibu wa idara wiki ya kwanza kabisa, kabla usajili wa kozi haujafungwa, ukiwa na ratiba za pande zote mbili mkononi. Mara nyingi kinachokwamisha si kanuni, ni kipindi cha siasa na kipindi cha saikolojia kuwekwa Jumanne saa nne. Mimi nilipokosa nafasi ya kusajili niliomba kukaa nyuma nikasikiliza tu, bila alama. Hakuna mhadhiri aliyewahi kunifukuza.

Kenya kuna vyuo ambavyo shahada ya sanaa imezoea kumruhusu mwanafunzi abebe masomo mawili. Kabla ya kujaza maombi ya KUCCPS, wanaopanga wanafunzi vyuoni Kenya, piga simu idarani uulize kama bado inawezekana, maana mitaala hubadilika na tovuti huchelewa kuambiwa.

Sifa za kuingia ni zipi?

Kiwango cha chini cha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kwa anayetoka kidato cha sita ni prinsipo mbili (ufaulu wa A hadi E katika masomo makuu) zenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kwa hiyo D mbili zinatosha kwenye karatasi. Lakini hicho ni kiwango cha kuruhusiwa kupiga hodi, si cha kufunguliwa. Nafasi zikigombewa, wenye pointi nyingi ndio wanaoingia. GS, somo la maarifa ya jumla, haihesabiwi. Angalia pia chuo chenyewe kinataka masomo gani, kwa sababu tahasusi kama HGL, HKL, HGK na HGE hazitazamwi sawasawa kila mahali. Mwenye stashahada anatakiwa awe na GPA (wastani wa alama) isiyopungua 3.0. Kenya mlango wa shahada ni C+ ya KCSE, mtihani wao wa kumaliza sekondari.

Halafu jambo linaloliza watu kila mwaka: ukichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja, unatakiwa uthibitishe kimoja ndani ya siku zilizotangazwa. Usipothibitisha, umejitoa mwenyewe. Usimwachie mtu wa steshenari nywila yako ukaenda kijijini.

Nikisoma sayansi ya siasa nitakuwa mwanasiasa?

Neno lenyewe ndilo linalotuponza. Katika Kiswahili cha wazee, siasa ni upole na busara pia: "mwambie kwa siasa" maana yake mwambie taratibu bila kumwumiza. Kisha likabeba chama na jukwaa, na siku hizi limefika kwenye maneno matupu: "acha siasa, lipa deni." Kwa hiyo ukisema unasoma siasa, watu wanadhani unafundishwa kuhutubia.

Hufundishwi. Utasoma nadharia za dola, katiba, mifumo ya vyama, serikali za mitaa, uhusiano wa kimataifa, bajeti ya umma, na jinsi sera inavyotoka wizarani ikiwa imenyooka na kufika kwenye zahanati ya kijiji ikiwa imepinda. Hilo la mwisho ndilo nililolipenda. Mwanasiasa anatafuta kura. Wewe unatafuta kujua kwa nini kura zimekwenda zilikokwenda.

Na saikolojia? Nitaweza kujua mtu anawaza nini?

Hapana. Na ile ya "kumchezea mtu saikolojia" pia haimo kwenye mtaala. Utasoma kumbukumbu, ujifunzaji, makuzi ya mtoto, haiba, tabia za watu wakiwa kundini, magonjwa ya akili, na vipimo. Vipimo vingi.

Sasa masomo haya mawili yanakutania wapi hasa?

Hapa naomba nikae kidogo.

Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, izunguke nchi iwaulize Watanzania: tubaki na chama kimoja au tuingie vyama vingi? Takribani asilimia 80 walisema tubaki na kimoja. Tume, pamoja na hayo, ikapendekeza vyama vingi, na sheria ikabadilishwa mwaka 1992.

Darasani kwetu siasa, mjadala ulikuwa juu ya uamuzi: je, ni demokrasia kufuata asilimia 20? Tulibishana kipindi kizima, kuhusu haki za walio wachache, mabadiliko ya dunia baada ya ukuta wa Berlin kuanguka, na ushawishi wa Mwalimu Nyerere, ambaye mwenyewe alishaanza kusema mjadala ufunguliwe. Wiki hiyohiyo nikakaa nyuma ya darasa la saikolojia, mada ikiwa namna watu wanavyojibu maswali. Nikajikuta nauliza swali ambalo siasa haikuniuliza: watu wale walijibu wakiwa wapi, mbele ya nani? Mtu aliyeishi zaidi ya miaka ishirini na mitano chini ya chama kimoja, ukamwita kwenye mkutano wa hadhara, balozi wa nyumba kumi, yaani kiongozi wa chama mtaani kwake, akiwa amekaa mstari wa mbele, anachokisema pale ni maoni yake au ni adabu yake? Sisemi asilimia 80 walidanganya. Wengi, naamini, walimaanisha; walizoea amani na waliogopa vurugu walizozisikia kwa majirani. Ninachosema ni kwamba bila saikolojia hata hilo swali hulioni, na bila siasa huelewi kwa nini jibu lake lina uzito.

Au chukua idadi ya wapiga kura. Mwaka 2005 walijitokeza kama asilimia 72 ya walioandikishwa. Mwaka 2010 wakashuka hadi kama 43. Anayesoma siasa atakimbilia daftari la wapiga kura, ushindani wa vyama, umbali wa vituo. Anayesoma saikolojia atauliza ni lini mtu anaanza kuamini kwamba kura yake moja haibadilishi kitu, na nani kamfundisha hivyo. Ukiwa na swali moja tu kati ya hayo mawili, umebeba nusu ya mzigo.

Wala si jambo jipya pale Mlimani. Yoweri Museveni alisoma huko kati ya 1967 na 1970, siasa na uchumi, na tasnifu yake ya shahada ya kwanza ilipima mawazo ya Frantz Fanon juu ya matumizi ya nguvu, kwa kutazama maeneo ya Msumbiji yaliyokuwa yamekombolewa na FRELIMO, chama cha ukombozi cha huko. Fanon alikuwa nani? Daktari wa magonjwa ya akili, mzaliwa wa Martinique, aliyefanya kazi hospitali ya Blida nchini Algeria kuanzia 1953 na kuona ukoloni unavyomwingia mtu ndani ya usingizi wake. Utakavyomhukumu Museveni wa baadaye ni shauri lako. Lakini tasnifu ile ilikuwa siasa na saikolojia kwenye jalada moja, miaka mingi kabla ya sisi kuanza kuuliza kama inaruhusiwa.

Nimekimbia hesabu tangu kidato cha pili. Huku ziko?

Ziko, na zinakuja pande zote mbili. Watu wengi huchagua masomo haya kama pango la kujifichia hesabu, halafu mwaka wa pili wanakutana na takwimu mlangoni. Wastani, mkengeuko sanifu, uteuzi wa sampuli, uhusiano wa vigeu, kisha SPSS, programu ya takwimu, kwenye kompyuta. Sapu nyingi za darasa letu, yaani mitihani ya kurudia, zilitoka hapo, na wachache walidisko, wakaondolewa chuoni.

Si hesabu za kutisha. Kinachotisha ni kwamba hazidesiki: huwezi kuchukua madesa (notisi) ya kaka yako ukayakariri usiku wa kuamkia UE, mtihani wa mwisho wa muhula. Fanya maswali kila wiki, na jiungeni watu watatu au wanne, mmoja akiwa aliyesoma EGM (uchumi, jiografia na hesabu). Mnunulieni chipsi. Na hili nalisema kwa sababu nimeliona kazini: kati ya wale niliohitimu nao, wanaoitwa kazi za utafiti mara kwa mara ni wale walioshika takwimu, wala si waliokuwa wakiongea vizuri kwenye semina.

Kwa nini tunasoma majaribio ya Wamarekani? Yanatuhusu nini?

Swali zuri, na mwulize mhadhiri wako kwa adabu. Utakutana na Stanley Milgram wa Yale, ambaye mwaka 1961 aliwaagiza watu wa kawaida kumpiga mwenzao shoti za umeme, ambazo hawakujua kuwa ni za uongo. Katika jaribio lake maarufu, 26 kati ya 40 walifika hadi volti 450 kwa sababu tu mwenye koti la maabara alisema endelea. Utakutana pia na Philip Zimbardo wa Stanford, 1971, na gereza lake la kuigiza lililopangwa wiki mbili likavunjwa siku ya sita. Hilo la pili lisome kwa jicho kali: baadaye ilikuja kubainika kwamba walinzi walikuwa wamepewa maelekezo ya kuwa wakali, jambo linaloharibu sana hadithi iliyovuma.

Tatizo kubwa zaidi lilielezwa waziwazi mwaka 2010 na Joseph Henrich na wenzake: sehemu kubwa mno ya tafiti za saikolojia imefanywa kwa watu wa nchi tajiri za Magharibi, mara nyingi wanafunzi wa chuo, kisha matokeo yakaitwa tabia ya binadamu. Mimi nalichukulia kama nafasi ya kazi. Utii kwa mwenye koti la maabara ni kitu kimoja. Utii kwa mjomba aliyekulipia ada ni kingine, na huo wa pili haujaandikwa vya kutosha.

Kiingereza changu si kizuri. Nitaweza?

Utaweza, lakini usidharau. Mihadhara, pepa na tasnifu ni Kiingereza, wakati darasa zima linafikiri kwa Kiswahili na kubishana kwa Kiswahili mara mhadhiri akitoka. Andika insha moja kila wiki hata kama haijatakiwa, na umpe mtu aisome.

Upande wa pili hausemwi sana: Kiswahili chako nacho kitapimwa, siku utakapotafsiri dodoso. Kuna dodoso la sonona, ugonjwa wa huzuni kali, linaloitwa PHQ-9, lenye maswali 9, ambalo limetafsiriwa kwa Kiswahili. Mwulize mama wa Mbagala kama ana sonona, atakutazama tu. Mwulize kama ana mawazo, atavuta kigoda. Kwetu "nina mawazo" ni malalamiko ya afya, na mtafiti asiyelijua hilo ataandika kwamba mtaa mzima uko salama.

Siasa nayo ina mtego wake. "Una imani kiasi gani na halmashauri?" Imani ni dini, imani ni huruma, imani ni kuamini kwamba fedha hazitaibiwa. Ipi imejibiwa? Tuliwahi kutumia siku nzima kwa neno hilo moja, watu sita, na mwisho tukaligawa swali vipande viwili.

Utafiti wa mwaka wa tatu ukoje?

Ndio sehemu niliyojifunza zaidi kuliko mihadhara yote, hasa kwa kukosea.

Barua hutoka chuoni ikaenda kwa katibu tawala wa mkoa, ikashuka wilayani, kwa mtendaji wa kata, mpaka kwa mwenyekiti wa kijiji. Tenga muda na nauli, na nakala za kutosha, maana kila ofisi inabaki na yake. Mimi nilikwenda kata moja ya mkoa wa Pwani kuuliza wananchi wanavyouona uongozi wa kijiji katika suala la maji. Mwenyekiti alinipokea vizuri sana. Vizuri kupita kiasi: alinipa kijana wa ofisini kwake anisindikize "mgeni asipotee". Siku ya kwanza tulifika kaya kumi na moja. Kaya zote kumi na moja zimeridhika na maji, wakati huohuo wanawake wanapita barabarani na ndoo kichwani wakitoka bonde la mbali.

Nililala na daftari langu nikakumbuka lile somo la mkutano wa hadhara na balozi mstari wa mbele. Kesho yake nikamshukuru yule kijana, nikamwambia njia nimeishika, apumzike. Nikaenda kukaa kisimani. Sikutoa dodoso mpaka saa mbili zimepita na nimeshasaidia kuvuta kamba. Majibu yakageuka, si yote, lakini ya kutosha. Wengine walisema uongozi mzuri ila pampu mbovu. Wengine wakataja michango ambayo haijulikani iliko.

Nikataka kuzitupa zile kaya kumi na moja za kwanza. Msimamizi wangu akakataa katakata. Akaniambia hizo ndizo data zako bora, weka makundi mawili, linganisha. Tasnifu ikabadilika kutoka maji ikawa ni nani anasikiliza wakati mtu anajibu. Nilipata A, ya kwanza na ya mwisho kwenye kozi ya utafiti.

Mambo mawili usiyasahau: omba ridhaa kwa maneno yanayoeleweka, na usiandike jina la mtu kwenye dodoso. Wewe utaondoka na basi la jioni. Yeye ataendelea kuishi na mwenyekiti wake.

Mkopo wa HESLB (Bodi ya Mikopo) nitapata?

Huangaliwa uhitaji wa familia na pia programu unayosoma, na sayansi za jamii kwa kawaida hazikuwa kwenye foleni ya mbele kama afya, uhandisi na ualimu wa sayansi. Omba hata hivyo, na vielelezo vyako vikamilike: cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, cheti cha kifo kama mzazi amefariki, barua zilizogongwa mihuri. Wanaokosa kwa sababu ya karatasi ni wengi kuliko unavyofikiri. Bumu, ile fedha ya kujikimu ya mkopo, likichelewa, na huchelewa, uwe na unga na maharage chumbani. Ukija kuajiriwa, makato ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi hadi deni liishe.

Kazi zipo?

Zipo chache kuliko wanaozitafuta, na nisikudanganye. Serikalini, tangazo la Sekretarieti ya Ajira likitaja sayansi ya siasa au utawala wa umma, mara nyingi ni afisa tarafa, afisa utumishi au nafasi za halmashauri. Kuna usaili wa mchujo wa kuandika, kisha wa mahojiano, na mnaweza kujaza ukumbi kwa nafasi nne. Nje ya serikali kuna asasi, taasisi za utafiti, vyombo vya habari, kampuni zinazopima masoko, na kazi za muda kama ukarani wa uchaguzi au sensa. Usizidharau hizo za muda. Mimi kazi yangu ya kwanza ya kudumu niliipata kwa mtu aliyeona nilivyojaza fomu bila kuacha pengo.

GPA ina maana. Kuanzia 3.5 ni daraja la pili la juu, na matangazo mengi ya ufadhili wa uzamili au ya kufundisha vyuoni hayakutazami chini ya hapo. Mwaka wa kwanza ndio unaoharibu GPA za watu, kwa sababu wanadhani wamefika.

Nataka kutibu watu kama mwanasaikolojia. Shahada ya kwanza inatosha?

Haitoshi. Saikolojia ya tiba inasomwa ngazi ya uzamili, Muhimbili wanayo. Kenya wana Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, na huko kutoa huduma kunahitaji usajili. Ukiona mtu amemaliza shahada ya kwanza juzi na leo ana bango la "daktari wa saikolojia", vuka barabara.

Tangu nianze kusoma magonjwa ya akili naona yote ninayo.

Tulikuwa hivyo sote muhula ule. Mwenzangu wa chumba alijipa magonjwa matano kufikia mtihani wa majaribio. Lakini kama hulali, huli, au unafikiria kujidhuru, hilo si la kucheka: nenda kitengo cha ushauri cha chuo leo, au hospitali iliyo karibu.

Mimi ni mzazi. Mwanangu hataingia kwenye migomo?

Mzazi wangu, sayansi ya siasa haileti migomo. Oktoba 1966, wanafunzi wa Dar es Salaam walioandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa walikuwa wa masomo mbalimbali, na Mwalimu aliwarudisha nyumbani karibu mia nne bila kuuliza nani anasoma nini. Serikali ya wanafunzi, DARUSO, ipo. Akigombea uwakilishi wa darasa atajifunza uvumilivu kuliko darasani. Mwambie tu asigombee muhula wenye takwimu.

Mama anauliza: nikimaliza nitaitwa nani?

Wa udaktari ni daktari, wa sheria ni wakili. Sisi hatuna jina. Mama yangu alihangaika nalo miaka mitatu, mwishowe akawaambia majirani kwamba mwanawe anasomea watu. Wiki ile ile akaletewa kijana wa jirani aliyegoma shule, na mzee mmoja aliyetaka kujua nani atapita udiwani. Kijana nilizungumza naye, akarudi darasani, sijui kama ni kwa ajili yangu. Udiwani nilikosea.